Bawa Lililokauka Juu ya Mabati

Kendi wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujanywa chai mara mbili. Kwa hivyo nina kama saa mbili hivi. Nimefunga kibanda mapema hadi majirani wakauliza kama nina homa, na sasa nimeketi kwenye kiti chako cha dirishani na daftari ulilobakisha kurasa. Mwandiko wangu unaujua. Nivumilie.

Mambo ya kula, ya kufua, ya kufunga mlango na ya kupiga simu ukifika nimeshakuambia kwa mdomo hadi ukaziba masikio. Baba yako naye amesema yake kwa simu kutoka Garba Tula, na kama kawaida yake yote yameisha kwa dakika moja. Mimi nataka kukuandikia jambo moja tu, ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso kwa miaka tisa. Ni kuhusu ile ndege yako ndogo. Najua umeanza kukunja uso. Soma tu, mama, usiliache njiani.

Wewe umelelewa na miraa. Unajua gari linavyoshuka kutoka milimani na mizigo imefungwa kwa majani ya mgomba, na sisi tunavyolikimbilia kabla halijasimama. Miraa ya asubuhi ni mali, ikifika jioni ni takataka. Nimeifanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa, na imenifunza kuamini kwamba kitu chochote kikikaa kimeharibika. Hata ugali wangu unaujua, nauepua kabla haujaiva. Watu wa mtaa wetu wa Wabera huniita Mama Kendi Upesi, nami nilikuwa nalifurahia hilo jina.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyekwenda kwa fundi Galgalo.

Ulikuwa na miaka tisa na nusu. Ulimwona akirusha ndege ndogo ya mbao inayoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, asubuhi moja kwenye uwanja nyuma ya shule, ukaja nyumbani ukazungumza hadi nikakushikisha kijiko ndipo ukakumbuka kula. Fundi alikuwa na chumba kimoja Wabera, nyuma ya duka la mafuta ya taa. Alikuwa amefanya useremala katika ujenzi wa uwanja wa ndege, na huko mhandisi mmoja mgeni alikuwa na mchezo wa kurusha ndege za mbao jioni baada ya kazi. Alipoondoka alimwachia fundi mchoro mmoja. Fundi akauchora upya, akaukosea, akauchora tena, mpaka ukawa mchoro wake mwenyewe. Hakuwa anauza ndege iliyokamilika. Alikuwa anauza bahasha ya kaki, ndani yake vipande vyote vimekatwa kwa mkono: mbavu za mabawa nyembamba kama ukucha, vijiti, karatasi laini ya kufunika, uzi, mpira, na pangaboi la mbele alilolichonga kwa kisu. Kuunganisha ni kazi ya mtoto.

Mbao zile hatukuwahi kujiuliza zinatoka wapi. Zilitoka kwenye mkonge. Ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge ukizeeka, tunaoupita kila siku kwenye nyua za watu, ndio alioukata. Ukikauka ni mwepesi hata ukiubeba hujui kama umebeba. Lakini lazima ukauke kivulini kwa miezi, ukigeuzwa kila wiki, la sivyo unapinda. Nilipoagiza bahasha yako alinijibu kwamba mti bado, nirudi baada ya mvua. Mimi baada ya siku nne nikarudi. Nikapiga simu. Nikarudi tena. Siku moja nilimwambia kwa sauti ya kusikika hadi dukani, "Fundi, miraa yangu ingekuwa inakaa hivi, mimi ningekuwa nishakufa njaa."

Hakuinua hata kichwa. "Miraa ni yako," akasema. "Hii si miraa."

Nilidhani ananidharau. Leo najua alikuwa ananipa maelezo yote niliyohitaji.

Bahasha ilikuja mwezi wa tano tangu niagize. Ulifunga mchoro kwenye ubao kwa pini, ukaupaka nta ya mshumaa ili gundi isishike karatasi, kama alivyokufundisha, ukaanza. Sikuwahi kukuona umetulia vile. Wewe ambaye hukuweza kula chakula bila kusimama mara tatu, uliketi kwenye sakafu ile na ulimi nje, ukiweka tone la gundi kwa kijiti cha kiberiti, ukihesabu, ukishikilia, ukihesabu tena. Jioni nilikuwa napita na sufuria yangu nasimama mlangoni nakuangalia. Kendi, niliogopa kidogo. Nilijiuliza huyu mtoto ametoa wapi subira hiyo, maana kwangu hakuitoa. Nilipaswa kukuambia siku hizo kwamba nilikuwa nakustaajabia. Badala yake nilikuwa nauliza, "Bado tu?"

Na kwa vile mimi ni mimi, nilikuwa nimeshatangaza. Niliwaalika majirani wote, nikawaita binamu zako washuke kutoka Maua, waje Jumamosi kuona ndege ya Kendi. Alhamisi jioni ulifunika bawa la kushoto, lililokuwa limebaki, kwa karatasi, ukalinyunyizia maji, ukalibana kwenye ubao kwa pini. Fundi alikuwa amesema likae kivulini siku tatu bila kuguswa, karatasi ijivute taratibu hadi ikaze kama ngoma. Siku tatu ni Jumapili. Watu wanakuja Jumamosi.

Ijumaa ulikwenda shule. Mimi nilirudi kutoka sokoni saa nne, nikalishika bawa, nikaliona bado lina unyevu.

Nilizing'oa zile pini, Kendi. Nikalibeba bawa lako nikaliweka juu ya mabati ya banda la kuku, juani. Unalijua jua la Isiolo la saa sita, na unayajua mabati. Nilifanya hivyo kama ninavyoanika nguo, bila kufikiri, nikaona nimekusaidia. Kabla hujarudi nililishusha, limekauka vizuri, nikalirudisha kwenye ubao na kuzichoma pini mlemle kwenye matundu yake. Nililiona limejinyonga kidogo kwenye ncha. Kidogo sana. Nikajiambia litanyooka.

Jumamosi unaikumbuka. Asubuhi ulilishika bawa ukalikuta limekaza, ukalifunga kwenye ndege. Uwanja ulijaa, kuna hadi watu waliokuja na viti. Uliuzungusha mpira mara zote ulizoambiwa, ukainua mkono, ukaiachilia. Ikapanda. Ilipanda kweli, juu ya kichwa cha mjomba wako mrefu, na watu wakashangilia wote kwa pamoja. Halafu ikageuka kushoto, ikazidi kugeuka, ikajizungusha kama kuku aliyechinjwa na kujipiga chini.

Hukulia. Ulikwenda ukaviokota vipande, ukaja navyo kwenye sketi, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimekosea wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Watu walikuwa wananitazama, binamu zako wanatazama, na mimi ndiye niliyewaita. Nikasema, "Si wewe. Ni huyu fundi. Ametuuzia mbao mbovu." Nilipolisema mara moja ikabidi niliendeleze. Jioni hiyo nilikwenda nikamwaga vipande vyako juu ya meza yake ya kazi. Kisha nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kile kikundi cha wazazi cha simu, nikasema fundi Galgalo ni tapeli, anangojesha watu nusu mwaka halafu anawapa takataka, na kwamba mtoto wangu ameaibishwa mbele ya watu. Nina ulimi, unajua. Ujumbe ule ulisambaa hadi kwa watu wa Kulamawe, anakotoka fundi. Waliokuwa wameagiza wakaacha. Baada ya muda nikasikia ameondoa meza ya ndege, amerudia kutengeneza vitanda na milango. Nilipita njia ya pili kwenda sokoni tangu siku hiyo. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya matope.

Nilijidanganya kwamba wewe angalau nimekulinda. Nilikuambia si wewe, na nikaamini kwamba umesikia. Uliacha kugusa gundi, nikasema watoto huchoka na michezo. Ulikataa darasa la sanaa, nikasema ni sawa, hesabu ndiyo muhimu. Hata sindano ulikuwa unanipa mimi nikutungie uzi. Vyote hivyo niliviona na sikuviunganisha.

Hadi mwezi uliopita. Barua yako ya chuo ilikuwa imekaa wiki nzima chini ya kitambaa cha meza, nikaipata nikifuta vumbi. Nafasi ya kusomea kutengeneza meno bandia, kazi ambayo nilikuwa sijui kwamba kuna mtu anayeifanya, nikadhani meno yanatoka kiwandani kama vikombe. Nikakuuliza kwa nini umeficha habari njema. Ukaniambia, na ulikuwa unaosha vyombo, hukunigeukia: "Hiyo kazi ni ya mikono, Mama. Mikono yangu haifai vitu vidogo. Ile ndege si ilianguka? Fundi alikata vizuri, nilikuwa nimeviangalia vipande vyake. Mwenye kuunganisha ni mimi."

Kwa hivyo ulijua. Kwa miaka tisa ulijua kwamba nilimsingizia mtu, na kwa sababu hakuwa yeye, ukaamua ni wewe. Mtoto wa miaka kumi alifanya hesabu yote sawasawa, ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakufikiria kumweka ndani.

Na bado sikusema, Kendi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko lile la kwanza. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikakuambia, "Utajifunza tu, nenda." Ukakubali kwenda, lakini nilikuona ulivyokubali. Unakwenda kama mtu anayekwenda kufukuzwa.

Jumatatu iliyofuata sikungojea gari la miraa. Nilimwachia kazi Mama Ntinyari wa kibanda cha pili nikaenda kwa fundi. Chumba ni kilekile. Amezeeka ndevuni, na kulikuwa na kitanda kilichotengenezwa nusu mlangoni. Akaniitikia salaam, akaendelea kupiga randa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bawa, mabati, pini, mpaka ujumbe wa sauti. Nilimaliza upesi, kama kawaida yangu.

Akaweka randa chini. "Mimi nilijua hiyo siku uliniletea," akasema. "Karatasi ilikuwa imeivia upande moja. Hiyo ni jua ya mabati. Hakuna kitu ingine inafanya hivyo."

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea, kwa nini hakusema mbele ya watu. Akasema kama angejitetea, mtoto angesikia kwamba aliyeharibu ni mama yake. Akasema pia, na alinitazama machoni, kwamba nilimuumiza sana, kwamba mke wake alimwambia wahame, na kwamba kwa mwaka mzima hakuigusa karatasi laini kwa hasira. Sikutaka aniambie hayo, lakini nilikaa nikayasikiliza yote. Hakunipa kiti. Nilikaa juu ya kile kitanda nusu.

Alipomaliza, akapanda kwenye ngazi na kuniita nitazame juu.

Kendi, sijui nitaandika vipi hili. Dari ya kile chumba, kutoka ukutani hadi ukutani, imening'inizwa vijiti. Vimefungwa kwa nyuzi, kila kimoja na kikaratasi. Nilisimama na shingo nyuma nikaona majina: Abdi, Nkatha, Lokiru, Halima, Kinoti. Fundi anakata mabawa yote mawili kutoka mti mmoja wa mkonge ili uzito wake ulingane, kwa maana bawa la kushoto na la kulia lazima yawe ndugu wa tumbo moja. Na kutoka mti huohuo anaweka kijiti kimoja cha akiba. Mtoto akivunja bawa, hata baada ya miaka, anakatiwa jipya kutoka kwenye kijiti chake, si cha mwingine. Kila mtoto aliyewahi kununua bahasha kwake ana kijiti pale juu. Watoto wengine wameshaoa. Wengine wazazi wao ndio walioacha kuagiza kwa sababu yangu.

Chako kipo. Kina uzi mwekundu na maandishi ya penseli: Kendi, ua la shule, Kulamawe. Hapo ndipo ulipokatwa mkonge wako. Miaka tisa kimekaa kimenyooka kivulini, na amekuwa akikigeuza. Mimi niliyempaka matope mji mzima, yeye anakwea ngazi kila wiki kugeuza kijiti cha mtoto wangu. Nimeona mengi hapa Isiolo, nimeona mafuriko yakipita kwenye mchanga mkavu bila tone la mvua kuanguka, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia chini ya ile dari.

Nikamuuliza kama sasa tumesameheana. Akashuka ngazi polepole. "Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi hapa umefika nusu tu, Mama Kendi. Hiyo ingine iko kwako nyumbani."

Hiyo ndiyo nusu unayoisoma sasa. Imenichukua wiki tatu kuitembea kutoka jikoni hadi kwenye hiki kiti.

Kwenye kikundi nilishazungumza. Nilituma sauti nyingine, ndefu zaidi ya ile ya kwanza, nikaeleza mabati na yote. Wengine walishatoka kikundini, wengine walicheka, mmoja akaniambia nilipaswa kufungwa. Ila wazazi wanne wamemuuliza fundi kama bado anatengeneza. Amewajibu kwamba mti bado, warudi baada ya mvua. Mmoja alilalamika kwangu, nikamwambia aketi chini angoje. Na dereva wetu wa miraa nimemwomba awe anaangalia mikonge iliyozeeka kwenye nyua za huko juu, akipewa ruhusa aukate mti aufunge juu ya mizigo. Gari lile lile linalokimbia kama limeiba, sasa linashuka na miti itakayokaa miezi sita ndipo ifae kitu. Watu wa sokoni wananiuliza kama nimeanza kujenga.

Wiki jana fundi alinipeleka uwanjani saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka, akarusha ndege moja aliyokuwa ameibakisha. Ilipanda kwa mizunguko mikubwa, taratibu, ikafika mahali hewa ya joto inapoanza kuinuka, ikakaa pale. Mpira ulikuwa umeshaisha nguvu, pangaboi limesimama, na bado haikushuka. Karatasi na mkonge, Kendi, kitu ambacho ng'ombe hali. Nilisahau kufunga mdomo. Nilifikiri, hiki ndicho nilichomnyima mtoto wangu kwa ajili ya siku moja.

Sina mengi ya kukushauri, maana unaona mwenyewe anayekushauri ni nani. Ila ukikutana huko mjini na mtu anayetengeneza kitu kimoja kimoja kwa mkono wake, akakuambia bado, mwamini, na uwaambie na wengine wamngoje. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kusema bado, mgonjwa amekaa mbele yako bila meno na mwenye duka anakuharakisha, sema bado. Usimwogope mtu kama mama yako.

Fundi atakukatia bawa kutoka kwenye kijiti chako. Sikumuuliza ni lini.

Amenipa kitu kingine. Vipande nilivyomwagia mezani hakuvitupa, alivifunga kwenye karatasi akaviweka. Alivitandaza mbele yangu kimoja kimoja na kunionyesha kwa ncha ya kisu. Mbavu zimevunjika katikati. Vijiti vimevunjika. Bawa lililojinyonga limepasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Lakini kila mahali kijiti kilipokutana na kijiti, pale ulipoweka tone lako na kuhesabu, pameshika. Ndege ilianguka kutoka juu ya kichwa cha mjomba wako, na hakuna hata kiungo kimoja cha mikono yako kilichoachia. Fundi alisema katika watoto wote walioko kwenye dari yake, hajaona gundi ya namna hiyo.

Kimoja nimekiweka ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwa pamba. Ni vijiti viwili vifupi vilivyoungana, unaweza kukidhania taka. Kitoe ukitazame ukiwa njiani. Kabla sijakifunga nimekaa hapa nikijaribu kukitenganisha kwa vidole vyangu hivi vya kufungua mizigo ya miraa, nikavuta, nikapinda, hata kwa meno. Nimeshindwa.

Mama yako